Jinsi ya kusoma istilahi za muziki wa klasiki kwenye nakala ya nota

Mwimbaji anayekabidhiwa kwa mara ya kwanza nakala ya korasi ya "Haleluya" ya George Frideric Handel hukuta kwamba karatasi ile ina mambo mengi kuliko nota na maneno ya wimbo. Juu kushoto pameandikwa Allegro, kati ya mistari zimetapakaa herufi p na f zilizolazwa, na karibu kabisa na mwisho linajitokeza neno Adagio peke yake. Wengi huyapita maandishi haya wakidhani kwamba ni shughuli ya mwalimu wa kwaya, ilhali kila moja ni agizo ambalo mwimbaji mwenyewe anatakiwa kulitekeleza kwa pumzi, ulimi na masikio yake.

Mifano mingi katika mwongozo huu imetoka katika Messiah, oratorio (utungo mrefu wa kidini wa waimbaji, kwaya na okestra, usioigizwa jukwaani) ambayo Handel aliitunga mwaka 1741 na ambayo ilisikika kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Nimeichagua kwa sababu kwaya nyingi za Tanzania na Kenya huimba angalau korasi yake moja, na kwa sababu ndani yake zimo karibu istilahi zote anazozihitaji mtu anayeanza. Pale ambapo haitoshi, nitachukua mfano kutoka Simfoni ya Tano ya Ludwig van Beethoven.

Matamshi kwanza

Istilahi hizi ni za Kiitaliano kwa sababu watunzi wa Italia ndio waliotangulia, katika karne ya 17, kuandika juu ya nota zao maneno ya kuelekeza kasi na ukubwa wa sauti, na kwa sababu wanamuziki wa nchi hiyo waliajiriwa katika majumba ya watawala sehemu nyingi za Ulaya. Handel, Mjerumani aliyezaliwa Halle mwaka 1685, alikaa Italia kati ya mwaka 1706 na 1710. Ndiyo maana hata alipokuwa akiishi London na kutunga juu ya maneno ya Kiingereza, aliendelea kuwaelekeza wapigaji na waimbaji wake kwa Kiitaliano.

Msemaji wa Kiswahili ana nafuu kubwa hapa. Irabu tano za Kiswahili zinakaribiana sana na za Kiitaliano, na mkazo wa maneno mengi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo largo, moderato, andante, tutti na solo husomwa kama yalivyoandikwa. Neno Fine, linaloonyesha mahali pa kumalizia, husomwa fi-ne kwa silabi mbili, na anayelisoma kwa Kiingereza ndiye anayekosea. Kanuni chache tu ndizo za kushika. Herufi c ikifuatwa na e au i hutamkwa "ch", hivyo dolce ni "dolche". Sc mahali hapo huwa "sh", hivyo crescendo ni "kreshendo". G mahali hapo huwa "j", hivyo adagio ni "adajo". Nazo herufi ch kwa pamoja hutamkwa "k". Zed mbili hutamkwa "ts" au "dz": pizzicato ni "pitsikato", na mezzo ni "medzo".

Kasi ya wimbo

Neno la kwanza la kutafuta ni lile lililoandikwa juu ya mstari wa kwanza, upande wa kushoto, kwani ndilo linaloweka tempo, yaani kasi ya mapigo. Kutoka polepole kwenda haraka, maneno yanayokutwa mara nyingi ni Grave, Largo, Larghetto, Adagio, Andante, Moderato, Allegretto, Allegro, Vivace na Presto, ingawa vitabu havikubaliani kuhusu lipi ni zito zaidi kati ya Largo na Adagio. Lililo muhimu kuliko mpangilio huo ni kwamba maneno haya hayakuanza kama vipimo vya saa. Allegro katika mazungumzo ya kawaida ya Kiitaliano ni uchangamfu, Andante ni kwenda kwa mwendo wa kawaida, na Grave ni uzito. Kwaya inayoimba Allegro kwa haraka lakini kwa nyuso zilizokunjamana na sauti nzito imetekeleza nusu tu ya agizo.

Handel hakuacha namba yoyote ya kasi, wala asingeweza, kwa kuwa metronomu, chombo kinachogonga mapigo kwa kasi uliyoiweka, ilipewa hataza na Johann Maelzel mwaka 1815, zaidi ya miaka hamsini baada ya kifo cha Handel. Beethoven aliikumbatia mapema, na kwa sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Tano aliweka namba 108 kwa kila nusu-nota. Namba hiyo huhesabu mapigo katika dakika moja, hivyo 60 ni pigo moja kila sekunde. Ukikuta namba kwenye nakala yako, weka metronomu iliyomo katika simu kwa namba hiyo, piga makofi pamoja nayo kwa dakika moja nzima bila kuimba, kisha izime na uendelee peke yako. Ukiiwasha tena utajua mara moja kama unakimbia au unachelewa.

Mara nyingi neno la kasi huja na jingine la kulirekebisha. Molto na assai huongeza nguvu ya neno, poco hulipunguza, più ni zaidi, meno ni pungufu, na non troppo ni onyo la kutozidisha. Beethoven aliandika Allegro con brio, uchangamfu wenye moto ndani yake, kwa sehemu ya kwanza ya simfoni yake, na Andante con moto, mwendo wa kawaida usiozubaa, kwa sehemu ya pili. Handel naye, katika aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya besi kuhusu parapanda itakayolia siku ya ufufuo, aliandika Pomposo, ma non allegro: kwa fahari, lakini si kwa haraka. Agizo hilo fupi linamzuia mwimbaji na mpiga tarumbeta kuugeuza ushindi kuwa mbio, na hakuna namba ya metronomu ambayo ingesema hayo.

Kuna pia maneno yanayobadili kasi katikati ya safari. Ritardando, ambalo hufupishwa rit., na rallentando, linalofupishwa rall., huagiza kupunguza mwendo hatua kwa hatua; accelerando huagiza kuongeza; a tempo huagiza kurudi kwenye kasi iliyokuwapo. Kosa la kawaida ni kupunguza mwendo kwa ghafla mara tu neno rit. linapoonekana, wakati herufi hizo huonyesha mahali pa kuanzia kupunguza, na pigo la kwanza baada yake linatakiwa kuwa karibu sawa na lililotangulia.

Hapa inafaa kuitazama kwa karibu ile Adagio ya mwishoni mwa "Haleluya". Kwaya na okestra zimekuwa zikirudia neno hilo kwa msisimko unaopanda, tarumbeta na timpani zikiwa kazini, kisha vyote vinakatika kwa pamoja. Kinafuata kimya. Baada ya kimya hicho ndipo Haleluya ya mwisho inapokuja, Adagio, silabi nne kwa akodi pana, yaani nota kadhaa zinazosikika kwa pamoja, ikitua kwa mtuo uleule ambao makanisa mengi hutumia kuimba "Amina" mwishoni mwa tenzi. Kimya kile ni sehemu ya muziki na kina urefu wake ulioandikwa, nacho huhesabiwa katika kasi ya Allegro iliyotangulia, si ya Adagio inayokuja. Mwimbaji mmoja akiingia mapema, jengo zima litamsikia. Ndiyo maana napendekeza kila kwaya ifanyie mazoezi kipande hiki peke yake: vipimo vinne kabla ya kimya, kimya chenyewe, na Haleluya ya mwisho, macho yakiwa kwa mwongozaji na siyo kwenye karatasi.

Kipimo na ufunguo

Kando ya ishara ya mwanzo wa mstari huwa na tarakimu mbili zilizopandana. Ya juu hutaja idadi ya mapigo katika kila kipimo, yaani nafasi iliyo kati ya mistari miwili ya wima, na ya chini hutaja aina ya nota inayohesabiwa. "Haleluya" ina mapigo manne, na huandikwa kwa alama inayofanana na herufi C. Alama hiyo si herufi hata kidogo. Ni mabaki ya duara lililokatwa, kwani waandishi wa nota wa Enzi za Kati walitumia duara kamili kwa hesabu ya tatu na duara pungufu kwa hesabu ya mbili. Kipande cha okestra kiitwacho Pifa, kinachotangulia habari za wachungaji kondeni, kina 12 juu ya 8: mapigo manne makubwa, kila moja likiwa na matatu madogo ndani yake. Aliyezoea kucheza chakacha, ambayo nayo hugawanya pigo kwa tatu, hatapata taabu kulihisi pigo hilo.

Ufunguo, yaani nota ambayo wimbo umejengwa juu yake, huonyeshwa kwa alama za shapu (za kupandisha nota) na flati (za kuishusha) mwanzoni mwa mstari, na katika programu huandikwa kwa herufi, kama D meja au C maina. Kwaya zinazosoma solfa hukuta jambo lilelile limeandikwa kama maelezo kwamba do ni D. Mfumo huo wa solfa, ambao Sarah Glover aliuanzisha Uingereza na mchungaji John Curwen akaueneza katika karne ya 19, uliletwa Afrika na wamisionari. Maneno ya kasi na ya ukubwa wa sauti hubaki yaleyale, uwe unasoma solfa au unasoma nota za mistari.

Ukubwa wa sauti

Piano ni sauti ya chini na forte ni sauti ya nguvu. Nakala huzifupisha kuwa p na f, huziongeza maradufu kuwa pp na ff, na huweka m, ya mezzo, kwa vile vya katikati: mp na mf. Chombo tunachokiita piano kilipata jina lake hapa, kwa kuwa Bartolomeo Cristofori wa Florence alikitengeneza karibu mwaka 1700 ili kidole kiweze kuchagua kati ya piano na forte kwenye kibao kilekile, jambo ambalo kinanda cha kukwanyua nyuzi hakikuliweza. Watunzi wa baadaye walizidisha sana herufi hizi: katika sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Sita ya Pyotr Tchaikovsky, ya mwaka 1893, basuni imepewa p sita, na mara baada yake okestra nzima inalipuka.

Crescendo huagiza kukuza sauti kidogo kidogo, diminuendo au decrescendo huagiza kuipunguza, na mara nyingi zote huchorwa kama mistari miwili inayoachana au kukutana. Anayeanza crescendo kwa nguvu hana pa kwenda, kwa hiyo neno hilo liwe ukumbusho wa kuwa chini kwanza. Subito ni ghafla. Sfz, yaani sforzando, ni mkazo wa ghafla juu ya nota moja.

Katika kuongoza waimbaji nimeona kwamba tatizo kubwa la herufi hizi haliko katika kuzielewa. Liko katika kuzichanganya na kasi. Kwaya ikifika kwenye crescendo hukimbia. Ikifika kwenye p huburuta na sauti hushuka chini ya ufunguo. Mahali pa kulithibitisha hilo ni pale ambapo "Haleluya" inafika kwenye maneno ya Ufunuo 11:15, "Ufalme wa dunia", ambapo matoleo mengi huweka p. Soprano hulegeza mbavu kwa kudhani kuwa sauti ndogo haidai pumzi, na maneno yanapogeuka kuwa f kwenye "ufalme wa Bwana wetu", kinanda kinaingia na kuwakuta wako chini. Dawa yake ni kuimba kipande chote kwanza kwa mf huku metronomu ikipiga, kisha kwa p bila kugusa kasi, na kupiga akodi moja kwenye kinanda mwishoni mwa kila mstari ili masikio yahukumu yenyewe.

Ni vyema pia kujua kwamba Handel aliweka alama chache sana za aina hii. Nyingi za zile zilizomo katika nakala za kwaya ni za wahariri wa karne ya 19 na ya 20, na mwalimu mwenye sababu nzuri ana uhuru wa kuzibadili. Zile chache za Handel mwenyewe ziheshimiwe. Katika korasi ya malaika, "Utukufu kwa Mungu", aliwaandikia wapiga tarumbeta da lontano e un poco piano, yaani kutoka mbali na kwa sauti ya chini kidogo. Jeshi la mbinguni limetokea juu ya makonde usiku, na msikilizaji anapaswa kulisikia likiwa mbali bado.

Namna ya kuigusa nota

Legato huagiza nota ziungane bila mwanya, na mara nyingi huonyeshwa kwa upinde unaozifunika. Staccato, kitone juu au chini ya nota, huagiza nota ikatwe fupi, na kitone hicho hakihusiani na kile kinachowekwa ubavuni mwa nota, ambacho huirefusha kwa nusu. Marcato ni kutia mkazo, na tenuto, kistari kifupi, ni kuishika nota kwa urefu wake wote. Nusu duara yenye kitone ndani ni fermata: nota inashikwa mpaka mwongozaji atakapoachia. Simfoni ya Tano ya Beethoven huanza kwa nota nne maarufu, nayo ya nne ina fermata; hata hesabu ya mapigo haijaanza kutulia na tayari muziki umesimama. Kwa wapiga fidla, pizzicato ni kudonoa nyuzi kwa kidole na arco ni kurudi kwenye upinde.

Majina ya mikusanyiko ya sauti

Soprano, alto, tena na besi ni zile ambazo kwaya zetu huziita sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Namna zinavyohusiana zina majina yake, na "Haleluya" inayafundisha yote ndani ya dakika nne hivi. Mwanzoni sauti zote zinatamka neno kwa pamoja, kila moja kwa nota yake: hiyo ni homofonia. Zinapofika kwenye tangazo kwamba Bwana Mungu Mwenyezi amemiliki, zinaimba melodia moja bila kugawanyika: hiyo ni unisoni, na ndiyo mahali pa kusikiliza kama tena na soprano wamelingana kweli. Kisha besi peke yao wanaanza "naye atamiliki hata milele na milele", tena wanaingia na wazo lilelile, halafu alto, halafu soprano, kila kundi likiendelea na jambo jingine huku la baada yake likiingia. Kuingia huko kwa kufuatana ndiko msingi wa fuga, na mfumo wa sauti kadhaa zenye mwendo huru huitwa polifonia. Katika sehemu ya aina hii, anayeingia na wazo kuu ndiye anayepaswa kusikika, na wengine wote wapunguze nguvu ya sauti kidogo mara tu wanapolimaliza, hata kama nakala haikuandika p.

Korasi ya "Amina" inayofunga oratorio nzima ni fuga kubwa zaidi, nayo nashauri isijaribiwe kabla kwaya haijaweza kuimba ule mwingilio wa "Haleluya" bila kinanda, yaani a cappella.

Mbali na korasi, oratorio ina resitativo, ambamo mwimbaji mmoja anasimulia kwa mwendo unaofuata usemi, na aria, ambamo anatua na kutafakari kwa melodia kamili. Resitativo inayosindikizwa na vyombo vichache vya besi na kinanda tu huitwa secco, na ile inayosindikizwa na okestra huitwa accompagnato. Ya kwanza kabisa katika Messiah, ile ya tena juu ya Isaya 40, "Watulizeni mioyo watu wangu", ni ya aina hii ya pili. Aria inayofuata, kuhusu kila bonde kuinuliwa, inalivuta neno moja juu ya nota nyingi sana, jambo linaloitwa melisma.

Alama za kurudi

Da capo, au D.C., ni kurudi mwanzo kabisa. Dal segno, au D.S., ni kurudi kwenye alama iliyowekwa. Ukirudi, unaimba mpaka kwenye Fine, au unaruka kwenda Coda, yaani kipande cha kufungia, kama ulivyoelekezwa. Aria ya alto "Alidharauliwa" ni mfano ulio wazi: sehemu ya kwanza ni Largo, sehemu ya kati inachafuka kwa habari za mgongo uliotolewa kwa wapigao, kisha D.C. inairudisha sehemu ya kwanza yote mpaka Fine. Katika zama za Handel mwimbaji alitarajiwa kuipamba melodia kwa nota zake mwenyewe wakati wa kurudia. Kabla ya mazoezi ya kwanza, chora kwa penseli mshale mkubwa kutoka kwenye D.C. hadi pale unapokwenda, na uzungushie Fine duara, kwa sababu ukiwa jukwaani jicho halina muda wa kutafuta.

Kusoma programu ya tamasha

Simfoni, konseto na sonata hugawanywa katika sehemu ambazo programu huzipa namba za Kirumi na maneno ya kasi, na desturi ya kumbi za leo ni kungoja sehemu zote zimalizike ndipo kupiga makofi. Kuna sehemu zisizoachana: katika Simfoni ya Tano, ya tatu inaingia moja kwa moja katika ya nne, jambo ambalo nakala nyingine huliagiza kwa neno attacca. Op., kifupi cha opus, ni namba ya uchapishaji, na simfoni hiyo ni Op. 67. Watunzi wengine hutambuliwa kwa orodha zilizotengenezwa baadaye, kama K. ya Ludwig von Köchel ya mwaka 1862 kwa Mozart, BWV ya mwaka 1950 kwa Bach, na HWV kwa Handel.

Herufi hizo zina faida ya moja kwa moja unapotafuta rekodi ya kujifunzia. Messiah ya Handel ni HWV 56. Ukikuta K. 572, hilo ni toleo ambalo Mozart aliliandaa Vienna mwaka 1789 kwa kuongeza klarineti na vyombo vingine vya kupuliza, tena kwa maneno ya Kijerumani. Ni zuri kulisikiliza, ila halitalingana na nakala iliyo mkononi mwako, na kwa mazoezi chagua lenye HWV 56.